Asante ya maandishi hulinda mali kauli

Mzigo unapokuwa mwingi sokoni, mnunuzi ndiye mfalme. Bei zinashuka, wenye magunia wanabembeleza, na mwenye duka anachagua wa kumchukulia mali. Mambo hugeuka mzigo unapoadimika. Hapo mwenye ghala ndiye anayechagua, na mara nyingi hachagui kwa kutazama fedha peke yake.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa jumla aliyepokea magunia 100 ya mchele wa Kyela katika wiki ambayo mchele ni wa kutafuta Dar es Salaam. Wateja 6 wanautaka. Kila mmoja anataka magunia 30, na wote wamekubali bei ileile. Mahitaji ni magunia 180, mzigo ni 100. Watatu watapata walichotaka, wa nne ataambulia magunia 10, na wawili wataondoka mikono mitupu. Mmoja kati ya hao 6 hana fedha taslimu. Anaomba mali kauli, achukue leo na kulipa akishauza. Je, atapewa nani?

Atapewa yule anayeaminika na kukumbukwa. Kuaminika hutokana na kulipa kwa wakati, na hilo halina njia ya mkato. Kukumbukwa ni jambo jingine. Somo la wiki hii linahusu njia moja ya kukumbukwa ambayo gharama yake ni ndogo na ambayo wafanyabiashara wengi wameiacha, nayo ni barua fupi ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono.

Desturi iliyopo tayari

Jambo hili si geni hapa nchini. Kamati ya harusi husambaza kadi za mchango, na shughuli ikiisha, familia iliyolelewa vizuri huwapelekea waliochanga kadi za shukrani. Baada ya msiba, magazeti huchapisha tangazo la familia kuwashukuru madaktari, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, pamoja na yale maneno ya kawaida kwamba si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Watu wetu wanajua kuwa wema hauishi mpaka umeshukuriwa.

Lakini desturi hiyo haivuki mlango wa duka. Katika biashara, asante hutolewa pamoja na chenji na kusahaulika hapohapo. Wafanyabiashara wengi huandika pale tu wanapodai, wanapoomba kuongezewa muda wa kulipa deni, au wanapolalamikia mzigo mbovu. Ndiyo maana bahasha yenye jina ikiletwa dukani, mwenye duka huuliza kwanza kama ni mchango au ni deni.

Simu nayo haijaondoa tatizo hilo. Ujumbe wa "asante boss" kwa WhatsApp hufika upesi, kisha huzama chini ya picha za asubuhi njema na matangazo ya vikundi. Ujumbe huo unafaa kumjulisha mtu kwamba mzigo umefika salama. Karatasi ina faida yake tofauti. Hukaa kwenye droo ya fedha, hubandikwa ukutani, au huingizwa kwenye daftari na kuonekana tena mwezi ujao.

Muuzaji wa magari aliyeuza 13,001

Joe Girard alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1928. Kati ya mwaka 1963 na 1978 aliuza magari ya Chevrolet katika jimbo la Michigan, na hesabu yake ilifikia magari 13,001. Mwaka 1973 peke yake aliuza 1,425. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa muuzaji bora wa magari duniani. Alifariki mwaka 2019.

Girard hakuwa na siri kubwa. Mteja akishachukua gari, kwake kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Kila mwezi alimpelekea kadi yenye ujumbe wa maneno machache tu, kwamba anampenda mteja wake. Rangi na ukubwa wa bahasha vilibadilika mwezi hadi mwezi ili isitupwe kabla ya kufunguliwa. Kufikia mwisho wa kazi yake alikuwa akituma kadi zipatazo 13,000 kwa mwezi, na ilibidi aajiri watu wa kumsaidia.

Girard pia alikuwa na kanuni aliyoiita ya watu 250. Alipohudhuria mazishi aliona kuwa idadi ya waombolezaji huwa takriban 250, akapiga hesabu kwamba kila mteja anajuana na watu kiasi hicho. Ukimuudhi mmoja, umejiharibia kwa 250. Anayeishi mtaani kwetu, ambako habari ya duka husafiri kutoka kijiweni hadi msikitini na kanisani kabla ya jua kuzama, haoni ajabu kanuni hiyo.

Barua 30,000 za mkuu wa kampuni

Mfano wa pili unatoka katika kampuni ya Campbell Soup ya Camden, New Jersey. Douglas Conant alipokabidhiwa uongozi mwaka 2001, kampuni ilikuwa taabani. Bei ya hisa zake ilikuwa imeporomoka na wafanyakazi wamekata tamaa. Alifanya mengi ya kuirekebisha, lakini jambo moja alilifanya kwa mkono wake mwenyewe. Wasaidizi wake walimtafutia habari za wafanyakazi waliofanya kazi vizuri, naye akawaandikia, hata barua 20 kwa siku moja. Alipoondoka mwaka 2011 alikuwa ameandika barua zaidi ya 30,000.

Mfanyabiashara akipiga hesabu ataona namba hiyo si ya miujiza. Barua 30,000 kwa miaka 10 ni barua 3,000 kwa mwaka. Ukichukua siku 300 za kazi, ni barua 10 kwa siku. Kilichotakiwa kilikuwa mazoea tu.

Mwaka 2009 Conant alipata ajali mbaya ya gari. Akiwa hospitalini, barua za kumtakia afya zilimfikia kutoka kwa wafanyakazi wa sehemu mbalimbali za dunia. Watu aliowaandikia walikuwa wamejifunza kwake namna ya kumjibu.

Indra Nooyi, aliyeongoza PepsiCo kuanzia mwaka 2006 hadi 2018, alikwenda hatua nyingine. Aliwaandikia wazazi wa viongozi waliokuwa chini yake kuwashukuru kwa malezi ya watoto wao. Wazo hilo alilipata alipokwenda nyumbani kwao India na kuona wageni wanampongeza mama yake badala yake. Mswahili haoni jambo geni hapo. Kumsifu mtoto mbele ya mzazi ni kuwashukuru wawili kwa neno moja.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2005 Randy Garner, mhadhiri wa chuo kikuu huko Texas, aliwapelekea wenzake dodoso refu la kujaza. Waliopata dodoso na barua ya kawaida walirudisha 36 kwa kila 100. Walioandikiwa ombi kwa mkono juu ya barua hiyo walirudisha 48. Waliobandikiwa kikaratasi kidogo chenye maneno ya mkono walirudisha zaidi ya 75. Dodoso lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni ushahidi kwamba mtu fulani alikaa chini na kuandika.

Mwaka 2018 watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu barua za shukrani. Waandikaji walidhani wapokeaji wataona haya au kushangazwa na barua isiyotarajiwa, wakahofia pia kwamba maneno yao si mazuri. Wapokeaji walipoulizwa, walikuwa wamefurahi kuliko waandikaji walivyokisia, na haya yalikuwa madogo kuliko walivyohofia. Mwandishi hujali ufasaha, mpokeaji hujali moyo. Hiyo ni habari njema kwa mwenye duka anayesema hati yake mbaya.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao mfanyabiashara makini hana budi kuujua. Mwaka 2023 Anya Samek na Chuck Longfield walitoa matokeo ya jaribio la miaka 6 nchini Marekani, lililohusu watu wapatao 500,000 waliochangia vituo vya televisheni ya umma na shirika moja la hisani. Baadhi yao walipigiwa simu ya shukrani, wengine hawakupigiwa. Ilipohesabiwa nani alichanga tena, simu hizo hazikuleta tofauti.

Jaribio hilo lilihusu simu, si barua za mkono, lakini onyo lake linafaa. Shukrani inayotolewa kwa maelfu, na mtu asiyemfahamu mpokeaji, haiwezi kutegemewa kurudisha mteja. Mfanyabiashara asidanganyike kwamba kila karatasi ya asante itarudi na fedha. Anachonunua kwa barua yake ni nafasi katika kumbukumbu ya mtu, na nafasi hiyo huonekana siku mzigo unapoadimika.

Namna ya kuandika

Barua nzuri ya shukrani ina sentensi 4 au 5. Taratibu zake ni hizi:

1. Iandikwe mapema. Siku 2 au 3 baada ya tendo ndizo zinazofaa. Ikichelewa wiki nzima bado iandikwe, bila maelezo marefu ya kuomba radhi.

2. Itaje tendo lenyewe. "Asante kwa ushirikiano wako" inaweza kupelekwa kwa mtu yeyote. "Asante kwa kuniwekea magunia 4 mpaka saa 12 jioni" ni ya mtu mmoja tu.

3. Itaje tendo hilo lilisaidia nini. Aliyetoa wema hupenda kujua ulifika wapi.

4. Itumie heshima inayostahili. Anayestahili shikamoo apewe. Kama sokoni huitwa Mama Fulani, jina la kwenye leseni lisitumike.

5. Isiombe kitu. Waswahili husema kushukuru ni kuomba tena, na ni kweli, lakini maana yake ni kwamba shukrani yenyewe imeshaomba. Anayeongeza ombi la mkopo chini ya barua anaifuta barua yote ya juu yake.

6. Iandikwe na mhusika. Kama hati ni mbaya, aandike polepole kwa herufi kubwa. Asimwachie karani.

Barua kwa mwenye ghala yaweza kuwa hivi:

"Mzee ........, shikamoo. Jumanne uliniongezea magunia 4 ya mchele ingawa wateja walikuwa wengi. Kwa magunia hayo niliweza kumtimizia mwenye hoteli aliyekuwa ananitegemea, sikumwangusha. Nimeona nikuandikie kukushukuru. Mungu akuzidishie. Ni mimi mwanao wa duka la ........, Temeke."

Na kwa mteja aliyelalamika kwa ustaarabu:

"Dada ........, habari za kazi. Ulipoona doti 2 za kanga zina kasoro ulikuja kwetu kwanza, hukututangaza kwa watu. Tumemweleza aliyetuuzia na sasa tunakagua kila robota kabla ya kulipia. Umetusaidia kuliko unavyodhani. Asante sana."

Barua hii ya pili ndiyo ngumu zaidi kuandika na ndiyo yenye faida zaidi. Wateja wengi wasioridhika hawasemi, huhama tu. Anayerudi kusema amempa mwenye duka nafasi ya kurekebisha.

Kuifikisha

Hapa nchini barua ya posta kwa kawaida huenda kwenye sanduku, na wenye vibanda wengi hawana sanduku. Njia nzuri ni kuiweka ndani ya kifurushi kinachokwenda kwa mhusika, au kumkabidhi dereva wa basi au wa lori anayemfahamu. Aliye soko moja na mhusika aipeleke mwenyewe, asalimie, aiache na kuondoka. Asisimame kusubiri isomwe.

Kama mpokeaji hasomi kwa urahisi, barua itamletea usumbufu wa kutafuta msomaji. Huyo afuatwe na kushukuriwa kwa mdomo, ikiwezekana mbele ya mtu anayemheshimu.

Wasiosahauliwa nao ni wale wa katikati, yaani mtunza ghala, karani wa mizani, kuli aliyepanga mzigo usiloane, na fundi aliyekesha na lori. Girard alikuwa akiwaalika chakula mafundi wa karakana ya kampuni yake, kwa sababu gari la mteja wake likiharibika, walioharakisha matengenezo ni hao. Tajiri huandikiwa barua nyingi. Mtunza ghala pengine hajawahi kupata hata moja.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kutaja bei ya upendeleo. Barua ya sokoni husomwa kwa sauti. Anayeandika "asante kwa kunipunguzia shilingi 5,000 kwa gunia" anamgombanisha aliyempunguzia na wateja wake wengine. Ataje wema, aiache bei.

Kosa la pili ni kuchanganya shukrani na hesabu. Deni, tarehe ya kulipa na idadi ya mzigo vina karatasi zake, ambazo ni hati ya kupokelea mali na stakabadhi. Barua ya shukrani isigeuzwe ushahidi wa deni, wala isiambatanishwe na ankara.

Kosa la tatu ni kuwaandikia watu wote maneno yaleyale. Wauzaji wa mtaa mmoja huonyeshana barua. Wakigundua zinafanana, zote 10 zitakuwa karatasi za kufungia karanga.

Kosa la nne ni kuweka kitu ndani ya bahasha ya mtumishi wa umma. Afisa aliyetoa leseni kwa wakati anaweza kushukuriwa kwa maandishi, na nakala ikapelekwa kwa mkuu wake. Lakini bahasha ikiwa na noti ndani inakuwa jambo jingine mbele ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, hata kama juu yake pameandikwa asante.

Kosa la tano ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kuandika barua nzuri na kuchelewesha malipo. Mwenye mali aliyesubiri fedha zake wiki 6 akapata karatasi ya kumsifu ataona anafanyiwa dhihaka. Alipwe kwanza, barua ifuate.

Neno kwa mwekezaji mdogo

Mwenye hisa chache anaweza kutumia somo hili pia. Karani wa dalali wa hisa aliyemweleza fomu mstari kwa mstari, au ofisa aliyefuatilia gawio lililokwama, anastahili barua. Kampuni hupokea malalamiko mengi kutoka kwa wanahisa wadogo na shukrani chache.

Lakini mwekezaji ni mpokeaji vilevile, na hapo awe macho. Barua tamu kutoka kwa anayetaka fedha zake haithibitishi chochote. Matapeli huandika vizuri na hukumbuka siku za kuzaliwa. Kabla ya kutoa fedha, athibitishe kama dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha asome hesabu za kampuni. Barua aisome baada ya hapo.

Hesabu ya gharama

Mfanyabiashara akiandika barua 3 kwa wiki, kwa wiki 50 ataandika 150. Kila moja ikichukua dakika 10, ni nusu saa kwa wiki. Karatasi moja na bahasha yake havifikii bei ya soda. Ni matangazo machache yanayopatikana kwa gharama hiyo na kuingia hadi kwenye droo ya mwenye ghala.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wema nao ni mali. Kurasa chache za nyuma za daftari la duka zigawanywe safu 4, yaani tarehe, jina, alichofanya, na siku aliyoandikiwa. Jioni wakati wa mahesabu, kabla ya kufunga, mwenye duka ajiulize nani leo alimrahisishia kazi, kisha aandike jina hilo.

Kwa wiki hii zoezi ni dogo. Ateue watu 3, mmoja anayemuuzia mali, mmoja anayenunua kwake, na mmoja wa katikati ambaye hakuna anayemshukuru. Awaandikie kabla ya Jumamosi, wakati mzigo bado ni mwingi na hakuna anachohitaji kwao. Akisubiri mpaka magunia yawe 100 na wateja 6, barua yake itasomeka kama ombi, hata kama hakuomba.